Ningewinda na nani? Mabingwa wa kale na jina la ujangili

Kuna swali ambalo wapenzi wa habari za mwituni huulizana moto ukishakolea na birika likishateremshwa: ungepewa siku moja tu ya kurudi nyuma miaka mia na ushei, ungekwenda kuwinda na nani? Majina yanayotajwa ni yale yale. Yupo wa Frederick Selous, Mwingereza aliyeanza kuwinda kusini mwa Afrika mwaka 1871 na ambaye kaburi lake liko Beho Beho, katika bonde la Rufiji. Yupo wa Theodore Roosevelt, aliyetoka Ikulu ya Marekani Machi 1909 na Aprili akateremka Mombasa. Wengine watamtaja Walter Bell wa Karamoja, au J. A. Hunter wa Makindu.

Swali hili nalichukulia kwa uzito. Anayemchagua mwindaji wa kumfuata amechagua pia macho ya kuutazamia mwitu, na amekwisha kuamua nani ahesabiwe kuwa mwindaji na nani aitwe jangili. Mabishano ya leo kuhusu uwindaji wa kitalii, ambayo yameziweka Kenya na Tanzania pande mbili za mpaka mmoja, yana mizizi yake hapo.

Nianze na sababu za kuwahusudu wazee hao, kwa kuwa zipo na ni za kweli. Mimi kati yao namwona Bell kuwa ndiye fundi. Alikuwa Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880, na mwanzoni mwa karne ya ishirini akaingia Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda ya leo. Wenzake walibeba bunduki nzito za kumlaza tembo kwa kishindo. Yeye alipenda kaliba ndogo ya milimita 7, ambayo wengi wangeiona ya kuwindia swala. Aliyapasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi, na ajue risasi ipite wapi mnyama akisimama ubavu, akielekea mbele au akiwa amegeuka. Tembo aliyepigwa hivyo alianguka papo hapo. Kumjeruhi mnyama akaenda kufia porini baada ya siku tatu ni aibu ya kila mwindaji, na Bell aliikwepa aibu hiyo kwa kusoma kwanza, kisha kupiga.

Najiona nikimfuata alfajiri, umande ukiwa bado unalowesha magoti. Mbele yake anatangulia Pyjalé, Mkaramojong aliyekuwa mwenzake wa kutafuta nyayo. Pyjalé anainama, anagusa kinyesi kwa mgongo wa kiganja kuona kama kina joto, anatazama majani yaliyotafunwa kama utomvu wake umekauka. Hasemi kitu. Anaonyesha kwa kidevu, na safu nzima inageuka kufuata upepo. Mwendo huo unaweza kuendelea tangu jua kuchomoza hadi linapokaribia kuzama, na mwisho wake mkakuta kundi la majike na watoto tu, mkarudi mikono mitupu. Anayedhani uwindaji ule ulikuwa kulenga shabaha hajaufikiria. Sehemu kubwa ilikuwa kutembea, na nyingine ilikuwa kungoja. Ndiyo maana naamini mtu wa leo, ambaye hajui hata upepo unavuma kutoka wapi nyumbani kwake, angejifunza mengi kwa siku moja nyuma ya watu hawa wawili.

Lakini jioni ikifika hesabu inabaki. Kwa hesabu yake mwenyewe Bell aliua tembo 1,011 maishani mwake, karibu wote madume. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe, na pembe zilipimwa kwa frasila kama zilivyopimwa na watu wa pwani waliomtangulia katika nchi zile. Hili watu husahau. Misafara ya Waswahili ilikuwa imezoea njia ya Mumias na Karamoja kabla hajafika, na Bell mwenyewe ameandika habari za tajiri mmoja aitwaye Shundi: mtoto wa Kavirondo, magharibi mwa Kenya ya leo, aliyetekwa na kuuzwa pwani, akasilimu, akajipatia uhuru wake, kisha akarudi bara akawa mkubwa wa wafanyabiashara wa pembe. Maisha ya namna hiyo yangetosha kumfanya mtu kuwa gwiji katika nchi yoyote. Sijawahi kumsikia mtu akilitaja jina la Shundi swali lile linapoulizwa.

Roosevelt ni habari nyingine kabisa. Kwake sioni ufundi wa kunivuta, naona ukubwa wa msafara. Walipoanza kutembea kutoka stesheni ya Kapiti walikuwa na wapagazi zaidi ya 200, kila mmoja akiwa na mzigo wa ratili 60 hivi kichwani. Ilikuwamo chumvi ya kuhifadhia ngozi, tani nne nzima. Vilikuwamo vitabu vya rais vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili visiharibiwe na jasho wala mvua, na bendera kubwa ya Marekani ya kusimikwa mbele ya hema lake. Wataalamu watatu wa viumbe walifuatana nao kwa niaba ya makumbusho ya Smithsonian ya Washington. Mpaka safari inaisha mwaka 1910 huko Khartoum, Roosevelt na mwanawe Kermit walikuwa wamepiga wanyama 512, wakiwemo simba 17, tembo 11 na faru 20.

Alijitetea kwamba wasingeshindwa kuua mara nyingi zaidi ya hapo, na kwamba kilichouawa kilikwenda makumbusho au kililiwa kambini. Utetezi huo una uzito wake. Ngozi na mafuvu yale yamewasaidia wanasayansi kwa zaidi ya karne, na msafara wa watu 200 na ushei lazima ule. Roosevelt huyu huyu ndiye aliyetenga misitu na mbuga nyingi nchini kwake akiwa rais. Hata hivyo liko jambo moja katika hesabu yake ambalo siwezi kulipita haraka. Kati ya faru wale 20, tisa walikuwa faru weupe wa kaskazini, waliopigwa katika Lado, ukingoni mwa mto Nile. Roosevelt alijua kuwa ni adimu, na uadimu huo ndio uliomvuta. Machi 2018 dume la mwisho la faru hao, aliyeitwa Sudan, alikufa Ol Pejeta, Kenya, wakabaki majike wawili, Najin na Fatu. Sisemi kwamba risasi zile tisa ndizo zilizowamaliza. Waliomalizwa ni waliobaki katika nchi za Sudan na Kongo, katika miaka ya vita na biashara ya pembe, miongo mingi baadaye. Ila nikijiweka Lado siku ile, nikimwona mnyama yule amelala chini ya mti akipunga masikio, najua ningetamani mtu mmoja katika msafara ule amshike rais mkono.

Nani angethubutu? Wabeba bunduki walikuwa karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote, na kazi yao ilikuwa kumpa bunduki, si kumpa shauri. Nafasi yao ilikuwa ngumu kuliko inavyosimuliwa. Mbeba bunduki alisimama hatua mbili nyuma ya bwana wake mnyama anapokuja mbio, mikononi ana silaha iliyojazwa risasi ambayo hakuruhusiwa kuipiga. Akibaki, sifa ni ya bwana. Akikimbia, yeye ndiye ataandikwa.

Imetokea hivyo kwa Mahina wa Tsavo. Mwaka 1898 simba wawili walikuwa wakiwala wajenzi wa reli ya Uganda, na mhandisi John Patterson aliwaua wote wawili mwezi Desemba. Simba wa pili alipojeruhiwa na kuja kwa kasi, Patterson alinyoosha mkono kuchukua bunduki ya akiba kwa Mahina, akakuta Mahina yuko juu ya mti nayo. Kisa hicho kimesimuliwa kwa miaka zaidi ya 120. Kinachosimuliwa kwa haraka ni kwamba Patterson naye, baada ya hapo, alipanda mti ule ule. Ngozi na mafuvu ya simba hao viliuzwa kwa makumbusho ya Chicago mwaka 1924 kwa dola 5,000, na hesabu ya watu waliokufa Tsavo haijakubaliwa mpaka leo. Wahindi wa reli 28 waliandikwa. Waafrika walioliwa pembeni mwa kambi hakuna aliyewawekea daftari, na Patterson mwenyewe alikiri hilo.

Lakini Tsavo inanilazimisha nikubali jambo upande wa pili. Ipo siku ambapo mwindaji ni msaada, na anayeishi mjini hana haki ya kumbeza. Huko Njombe, kati ya mwaka 1932 na 1947, simba waliwasumbua Wabena kiasi kwamba watu waliogopa hata kulitaja jina la mnyama huyo. Wengi waliamini walikuwa simba wa kutumwa. George Rushby, bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori, aliyepelekwa kuwasaka, alikadiria waliouawa kuwa kama 1,500. Makadirio hayo ni yake na huenda yamezidi, ila hata yakipunguzwa kwa nusu bado ni msiba usiosemeka. Naweza kujiona nikitembea naye pale bila kusitasita. Mama aliyezika mkono tu wa mwanawe hakuwa na haja ya mjadala wa falsafa kuhusu haki za simba. Wala si mambo ya kale. Watafiti walihesabu Watanzania 563 waliouawa na simba kati ya mwaka 1990 na 2004, wengi wao katika mikoa ya kusini na pwani. Rufiji iliwahi kuwa na simba mmoja, watu wakamwita Osama, aliyeua watu zaidi ya 30 kabla hajapigwa mwaka 2004. Alikutwa na jipu kubwa chini ya jino. Kwa wakulima wanaolala dunguni kulinda mpunga, mwindaji hodari alikuwa mtu wa kuombewa dua.

Na Rushby ana funzo jingine, kwa sababu kabla ya kuwa bwana nyama alikuwa jangili wa pembe, na hakulificha hilo. Serikali ya kikoloni ilimchukua kwa kuwa aliijua njia ya tembo na njia ya mwizi wa tembo. C. J. P. Ionides wa Liwale alipita njia hiyo hiyo: aliwahi kuwinda bila leseni, kisha akawa mlinzi, na ndiye aliyeipanua hifadhi ya Selous kuliko mtu mwingine yeyote. Watetezi wa wawindaji wa kale husimama hapa, na hoja yao ni nzito kuliko zote walizo nazo: watu waliompenda mnyama kwa kumfuata kwa miguu ndio waliokuwa wa kwanza kuona kwamba anakwisha, na ndio waliopigania mapori. Selous aliuawa na mdunguzi wa Kijerumani Januari 4, 1917, akiwa na umri wa miaka 65, na pori lililopewa jina lake mwaka 1922 lilikuja kuwa mojawapo ya hifadhi kubwa zaidi barani. Tangu mwaka 2019 sehemu yake kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Naikubali hoja hiyo, na bado nauliza swali moja. Msamaha aliopata Rushby, na nafasi ya pili aliyopewa Ionides, nani mwingine alipewa? Pori la Selous lilipanuliwa huku wanavijiji wa Liwale wakihamishwa katika miaka ya 1940, sababu iliyotolewa ikiwa ugonjwa wa malale. Ndani ya maeneo yale walikuwa watu ambao mababu zao waliwinda kwa magobori na mitego tangu kabla ya Mjerumani kuweka amri yake ya wanyamapori mwaka 1896. Unyamwezini na Usukumani kulikuwa na chama kizima cha wawindaji wa tembo, Bayege, chenye miiko yake na dawa zake, na kijana hakuingia mpaka afundishwe. Watu hao hawakuitwa kuwa walinzi. Waliitwa majangili, na ukiwa jangili mweusi, ujuzi wako ulikuwa ushahidi dhidi yako mahakamani.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Kenya. Kuanzia mwaka 1944 serikali ilimpeleka J. A. Hunter Makueni kuwaondoa faru ili Wakamba wapewe ardhi ya kulima. Katika muda wa miaka miwili hivi aliua karibu faru 1,000. Alilipwa mshahara kwa kazi hiyo, na jina lake likakua. Haikupita miaka 12, mashariki ya hapo, serikali hiyo hiyo ikaanzisha msako mkubwa dhidi ya Waata, ambao majirani waliwaita Waliangulu. Mbuga ya Tsavo ilikuwa imetangazwa mwaka 1948 juu ya nchi waliyoiwinda tangu enzi za wazee wao. Mwaka 1956 na 1957 kikosi cha David Sheldrick na Bill Woodley kiliwafuata kijiji kwa kijiji, wakafungwa jela mmoja baada ya mwingine.

Nimekuwa nikisoma habari za Waata hawa kila ninapozipata, na kila mara nazidi kuvutiwa. Uta wao ulihitaji nguvu ya kilo 45 na zaidi kuuvuta, na mtu wa kawaida hakuweza hata kuufikisha nusu. Sumu waliipika kwa magogo ya msunguti mpaka ikawa nyeusi na nzito kama lami, wakaipaka kwenye chembe ya mshale, kisha wakaifunga kwa ngozi laini ili isikauke wala isimchome mwenye podo. Mwindaji alimsogelea tembo mpaka hatua chache, akiutazama upepo, maana uta hauna umbali wa bunduki na mshale mmoja ukikosea hakuna wa kukuokoa. Sumu ikiwa mbichi na mshale ukiingia tumboni, tembo hakwenda mbali. Woodley na Sheldrick wenyewe waliwastahi, na hapo ndipo penye uchungu. Waliwajua kuwa wawindaji bora kuliko wageni wote waliolipia leseni Nairobi. Jina lililosikika kuliko yote lilikuwa la Galogalo Kafonde, aliyesakwa kwa muda mrefu na kikosi kizima. Jaribio la kurekebisha mambo lilifanyika mwaka 1960, mpango wa Galana uliokusudia kuwapa Waata kazi ya kuvuna tembo kihalali, lakini haukudumu kama ulivyokusudiwa.

Nisije nikawafanya Waata malaika. Walikula nyama, ni kweli, ila pembe hazikubaki vijijini. Walizipeleka kwa wafanyabiashara wa pwani, na kupitia magendo zikavuka bahari kama zilivyovuka za Bell na za Shundi. Kufikia miaka ya 1950 idadi ya tembo waliokuwa wakiuawa iliwatia hofu watu wenye nia njema, na Sheldrick alikuwa mmoja wao. Wala sikubaliani na wanaosema Waata wangeachwa wangeisawazisha Tsavo wenyewe. Wanaosema hivyo huelekeza kidole kwenye ukame wa 1970 na 1971, tembo walipokufa kwa maelfu baada ya kuongezeka na kuitafuna miti yote. Inawezekana. Ila mara baada ya ukame huo zilikuja bunduki za kivita, na sioni uta ungezizuia vipi.

Sasa tuje kwenye mabishano ya leo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote Mei 1977. Tanzania ilisimamisha mwaka 1973, ikafungua tena 1978, na mpaka sasa inakodisha vitalu kwa kampuni zinazoleta wageni pamoja na wawindaji bingwa wao. Kila upande humwonyesha mwenzake kama mfano wa kushindwa, na kwa bahati mbaya wote wana ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa Kenya ilipoteza wastani wa asilimia 68 ya wanyamapori wake tangu mwaka ule wa marufuku. Nje ya mbuga mnyama hakuwa na faida kwa mfugaji, na kilichokosa faida kilizungushiwa uzio au kiligeuzwa shamba. Selous nayo ilikuwa na vitalu vya uwindaji karibu eneo lote, na tembo wake walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 1976 hadi kama 13,000 mwaka 2013. Mwaka uliofuata UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kwa hiyo anayeniambia kwamba marufuku huokoa wanyama, au kwamba leseni huokoa wanyama, ananieleza imani yake. Kilichookoa au kuangamiza, pande zote mbili, kilikuwa ni kama askari walilipwa, kama wakubwa walikuwa waaminifu, na kama kijiji kilichopakana na pori kilikuwa na sababu ya kutoa taarifa kilipomwona mgeni mwenye bunduki.

Mgogoro umechomoza upya Enduimet, upande wa Tanzania wa Kilimanjaro. Tangu Septemba 2023 madume kadhaa wenye pembe kubwa, waliozoea kuvuka kutoka Amboseli, Kenya, na kufahamika kwa watafiti wa huko, wameuawa kwa leseni. Kwa takriban miaka 30 kabla ya hapo tembo hao walikuwa wameachwa, kufuatia maelewano ya miaka ya 1990. Wanaotetea wanasema sheria inataka pembe isiyopungua kilo 20 au urefu wa sentimita 160, hivyo anayepigwa ni mzee aliyekwisha kuzaa, na fedha zinaingia kwa jumuiya ya vijiji. Hoja ya fedha naiheshimu. Ndugu zetu wa Longido wanaishi na tembo anayevunja tangi la maji na kula mahindi ya mwaka mzima, na hawawezi kula picha za watalii wa upande wa pili. Hoja ya uzee siikubali. Miaka mingi ya utafiti wa Amboseli imeonyesha kwamba dume la tembo huzalisha zaidi baada ya kupita miaka 35, na madume vijana humfuata mzee ili wajifunze mapito na adabu. Ukimpiga mwenye pembe ndefu kuliko wote umemchukua baba na mwalimu kwa risasi moja.

Linalonisumbua zaidi ni namna mabingwa wa kale wanavyotumiwa kupamba biashara hii. Picha zao zimetundikwa kwenye kuta za kambi, hema zinashonwa kwa mtindo wa 1909, mgeni anaambiwa anakwenda kutembea katika nyayo za Selous. Kisha anapakiwa kwenye gari mpaka karibu na mnyama, anatembea kidogo, anaelekezwa mahali pa kulenga. Bell angemshangaa. Ufundi wa wazee wale, pamoja na makosa yao yote, ulikuwa umo miguuni. Anayetaka heshima yao na alipe kwa jasho walilolipa. Na aliyemtangulia kusoma nyayo, kijana wa kijiji jirani anayelipwa posho, awekwe kwenye picha ile akiwa na jina lake. Nayasema haya kwa sababu tulishawahi kuyapoteza majina mara moja.

Je, ningechagua nani, basi? Nimekuwa nikijibu Bell kwa miaka mingi, kwa ajili ya ule mwendo na kwa ajili ya Pyjalé. Sasa nachagua Galogalo. Ningeomba iwe kabla ya mwaka 1948, mahali fulani kati ya mto Galana na vilima vya Taita, mwezi ambao msunguti umekwisha kupikwa na mvua bado. Nisingebeba silaha, kwa sababu uta wake nisingeweza kuuvuta na sina haki ya kuushika. Ningemfuata nyuma, nikikanyaga alipokanyaga. Ninajua kabisa kwamba mwisho wa siku ile huenda tembo angekufa mbele yangu, na pembe zake zingevuka bahari kabla ya mwaka kwisha, na sidhani ningelala usiku huo. Ningemwuliza jambo moja tu tukiwa njiani, kwa sauti ya chini, kabla hatujaingia vichakani: wazee wake walimfundisha amwache mnyama gani, na walimwonyeshaje kumtambua. Kila jamii ya wawindaji niliyosoma habari zake ilikuwa na mnyama wa kuachwa, mwenye mimba, au anayenyonyesha, au yule anayewaongoza wenzake majini. Ningetaka kusikia kutoka kinywani mwake ni yupi huyo kwa Waata, kwa maana wale waliomfunga hawakuandika popote kwamba walimwuliza.